Kidonge Kisicho na Jina

Mchungaji wa usharika huombwa kusoma mambo mengi ambayo chuo cha theolojia hakikumfundisha kuyasoma. Hapa Chato nimeletewa hati za viwanja, barua za mikopo, majibu ya maabara, hata ujumbe wa simu ambao mwenyewe alitaka nimwambie kama ni wa kweli au ni wa matapeli. Wengi wa wanaoleta wanajua kusoma vizuri. Wanachotafuta ni mtu wa kukaa naye wakati wanasoma. Jumapili moja, baada ya ibada na mnada, nililetewa kidonge nikisome.

Aliyekileta ni mama mjane, msharika wetu wa miaka mingi. Yeye na watoto wake wameniruhusu kuyaandika haya, nami nimeacha majina na kubadili mambo machache ili wasitambulike.

"Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji."

"Amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba uniangalizie hivi ni vya nini."

Akafungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vya mviringo, vya rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Vilikuwa vya mwanawe, kijana mwenye mke na watoto wawili, anayefanya kazi kwenye maduara ya dhahabu upande wa Geita na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili au tatu. Mkewe alikuwa amevikuta ndani ya kopo la mafuta ya kupaka, chini ya nguo, bila boksi wala karatasi. Kijana alikuwa amekonda. Usiku alikuwa akitoka nje mara nyingi. Mkojo wake ulikuwa umebadilika rangi, na alipoulizwa alijibu kwa ukali.

Watu wa nyumbani na majirani walikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza lilikuwa kwamba ni ARV, na kwamba kijana ameyaleta mambo ya machimboni kwa mkewe. La pili lilitoka kwa jirani aliyewahi kuona vidonge vya rangi hiyo kwa ndugu yake, naye alisema ni dawa ya maungo. Mke aliamini la kwanza, akaanza kukunja nguo zake kwenye begi. Mama aliamini la pili.

"Magoti yananisumbua, Baba," akaniambia. "Nimevitenga hivi vinne. Nilitaka tu kujua, nimeze kimoja au viwili?"

Nilimwambia kwamba sijui ni dawa gani, na kwamba mtu yeyote atakayemwambia kwa kutazama rangi tu asimwamini. Nikamwomba asimeze hata kimoja. Nikamwambia pia kwamba vidonge hivyo vina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, ana simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwanawe hapendi kuulizwa. Tukakubaliana mambo mawili: kesho yake twende pamoja kwa mfamasia, na jioni hiyo yeye mwenyewe ampigie mwanawe simu amwombe arudi nyumbani. Asimwambie amekosa nini. Amwambie tu kwamba anahitajika.

Mfamasia alikuwa kijana mpole. Alikiweka kidonge kimoja juu ya karatasi nyeupe, akakigeuza kwa ncha ya kalamu. Alitueleza anachokitazama: umbo, ukubwa, rangi, mstari wa kukatia katikati, na herufi au namba zilizogandamizwa juu yake. Viwanda vingi huweka alama hizo ili kidonge kitambulike hata kikiwa peke yake. Huko Marekani ni sharti la sheria tangu miaka ya 1990. Lakini, akasema, alama moja haitoshi kumpa mtu dawa. Vidonge vya manjano ni vingi: vipo vya vitamini, vipo vya magonjwa makubwa. Kinachotambulisha dawa kwa uhakika ni pakiti yake, yenye jina la dawa, kiasi chake kwa miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukishakitoa kidonge humo ukakitia kwenye kopo, umekinyang'anya kitambulisho chake.

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mama, kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Zamani," mama akasema. "Dawa ya malaria. Midomo ilivimba, ngozi ikatoka malengelenge, nikalazwa."

"Unaikumbuka?"

"Ile ya vidonge vitatu, unameza vyote mara moja basi."

Mfamasia akaiweka kalamu chini. Dawa hiyo ni SP, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa nchini, na hadi leo hupewa wajawazito kama kinga. Ndani yake mna salfa. Akatuambia kwamba kidonge kilicho mezani anakishuku kuwa salfasalazini, na kama ndivyo, nacho kina salfa ndani yake. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa salfa kwa namna ile hatakiwi kukigusa kabisa. Mama alikunja pindo la khanga taratibu, akavisukuma vile vidonge mbali naye.

"Basi ni dawa ya nini?" nikauliza.

"Ikiwa ndiyo yenyewe, hutibu ugonjwa wa maungo, ule wa viungo kuvimba. Hutibu pia ugonjwa wa utumbo. Kwa huyu ndugu ni upi, kidonge hakiwezi kuniambia. Mwenye dawa ndiye anayejua, na daktari wake."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Yule jirani aliyesema ni dawa ya maungo hakuwa amekosea sana, na bado neno lake lingeweza kumlaza mama huyu wodini, au kumfikisha pabaya zaidi. Nusu ya kweli juu ya dawa ina hatari yake. Na hata tulipoikaribia kweli yote juu ya kidonge, hatukuwa tumejua lolote juu ya kijana.

Kijana alirudi Jumamosi. Mama yake aliniomba niwepo. Tuliketi uani, naye hakusubiri kuulizwa mengi. Aliingia ndani akatoka na begi lake la kazini, akatoa karatasi ya hospitali na pakiti tupu alizozificha: salfasalazini, miligramu 500. Mfamasia alikuwa amekisia vema.

Ndipo akatueleza. Kwa muda mrefu alikuwa akiharisha damu. Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria tunaposikia damu kwenye haja kubwa, tunawaza kichocho, amiba, kuhara damu, na ni haki kuyawaza hayo kwanza, maana yapo na yanatibika. Alitibiwa kichocho, akatibiwa amiba, akatibiwa taifodi, sehemu mbalimbali. Alipata nafuu ya siku chache, damu ikarudi. Mwishowe alipelekwa hospitali kubwa Mwanza, akapimwa kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, vikachukuliwa vinyama vidogo vya utumbo vikapimwa maabara. Akaambiwa utumbo wake mpana una vidonda na uvimbe ambao haukuletwa na mdudu wala minyoo. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayoushambulia utumbo. Hauambukizi. Si kansa, ingawa ukiachwa miaka mingi bila uangalizi unaweza kuongeza hatari ya kansa. Dawa huutuliza, nao unaweza kulala kwa muda mrefu na kuamka tena.

"Sasa kwa nini ulificha?" mama yake akauliza.

Akatazama chini. "Mama, ningesemaje? Kule duarani mtu akishuka, ameshuka. Mimi kila saa naomba nipandishwe nikajisaidie. Walikuwa wamekwisha kunipa jina. Nikasema, nyumbani angalau wasijue."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu ile alikuwa amekwenda kupima virusi peke yake, na hakumwambia mtu. Kisha akamwambia mumewe: "Ungesema ni tumbo, ningekuwa nakupikia chakula kinachokufaa."

Hapo nilisema neno moja tu, na ninalirudia hapa kwa wasomaji. Hata kama vingekuwa vidonge vya ARV, vingekuwa dawa, na mwenye kuvimeza angekuwa mtu, mume, mwana na msharika. Tusifurahi kwamba ilikuwa salfasalazini kana kwamba lile jina jingine lingetupa ruhusa ya kumtenga. Aibu aliyoibeba kijana huyu kwa ugonjwa wa choo ni ndugu wa aibu tunayowabebesha wenzetu wanaoishi na virusi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini nasi tulio wazima tujiulize ni nani anayemfanya mgonjwa afiche.

Baadaye nilitaka kujua dawa hii ilitoka wapi. Ilitengenezwa Uswidi, nchi ya Kilutheri ambayo wamisionari wake wengi wa kanisa letu wa upande wa Bukoba tunawakumbuka. Mwenye wazo ni daktari mwanamke, Nanna Svartz, mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Taasisi ya Karolinska. Alikuwa akitafuta dawa ya maungo. Akaunganisha vitu viwili kuwa kimoja: dawa ya jamii ya salfa na dawa ya jamii ya aspirini. Wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana nao wakapata nafuu, naye akaandika habari hiyo mwaka 1942. Ilichukua miaka 35 hivi kuelewa inavyofanya kazi. Kidonge hupita tumboni kikiwa kimefungwa, kikifika utumbo mpana vijidudu vinavyoishi humo hukifungua, na mwaka 1977 watafiti wa Oxford, akiwamo Azad Khan kutoka Bangladesh, walionyesha kwamba ile nusu ya jamii ya aspirini ndiyo inayoutuliza utumbo pale pale penye vidonda. Salfa ilikuwa mbebaji tu. Na kwa wengi, salfa hiyo ndiyo inayoleta madhara. Ndiyo maana siku hizi ipo dawa nyingine, mesalazini, iliyo nusu ile moja peke yake.

Nasimulia haya kwa sababu neno letu "dawa" limebeba mizigo miwili. Dawa ni kidonge cha hospitali. Dawa ni pia ile anayotoa mganga: dawa ya biashara, dawa ya mapenzi, dawa ya kupata dhahabu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina mzigo huo huo. Katika Wagalatia 5:20, Paulo anapotaja matendo ya mwili, neno tunalolisoma kama uchawi ni farmakeia, nalo ni ndugu wa neno letu famasi. Nilipojifunza hilo chuoni nililiona jambo la mtihani. Huku kwenye machimbo nimeona uzito wake. Kanda yetu imeumizwa na dawa za aina ya pili. Ndugu zetu wenye ualbino wanayajua maumivu hayo kuliko sisi.

Tofauti ya dawa hizi mbili iko wapi? Wapo wanaosema moja ni ya Wazungu na nyingine ni ya mababu. Mimi siamini hivyo, maana mizizi na majani ni viumbe vya Mungu, na dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea. Naiona tofauti mahali pengine. Dawa ya mganga huyo hutaka usiulize. Ukiuliza jina lake, nguvu zake zinapotea, na mwenye kuitoa anakuwa mkubwa kwa sababu wewe hujui. Dawa ya kweli inakubali kuulizwa: unaitwa nani, umetoka wapi, unatibu nini, unadhuru nani, unaisha lini. Kidonge kilichofichwa koponi bila jina kinahama taratibu kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Kinaanza kuogopwa, kunong'onwa, kukisiwa. Mke anakiona ni mauti, mama anakiona ni muujiza wa magoti, nacho hakina hatia yoyote.

Maandiko yanayo habari inayofanana. Katika 2 Wafalme 4, wakati wa njaa kule Gilgali, mmoja wa wanafunzi wa manabii alitoka shambani kuchuma mboga, akarudi na matango-mwitu, akayakatia sufuriani. Biblia inaeleza sababu kwa ufupi: hawakuyajua. Hakukuwa na mtu mbaya katika habari hiyo. Palikuwa na njaa, nia njema, na kitu kisichojulikana. Walioonja ndio waliopiga kelele kwamba sufuriani mna mauti. Elisha hakuwakemea kwa kukosa imani kwa sababu waliacha kula. Aliwaokoa, kisha wakala.

Wapo wanaoniuliza: mtu akimeza vidonge miaka yote, imani yake iko wapi? Huwaelekeza kwenye 1 Timotheo 5:23. Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, anamshauri Timotheo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na ushauri wenyewe ni mvinyo kidogo. Hakumwambia aongeze imani. Luther naye, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki kuwahudumia wagonjwa, na katika barua yake kwa Johann Hess wa Breslau alifundisha kwamba dawa ni kipawa cha Mungu, na kwamba kuidharau huku ukidai kumtumaini Mungu ni kumjaribu. Katika ufafanuzi wa Kipengele cha Kwanza cha Imani, Katekisimo Ndogo inahesabu mwili, viungo na akili kuwa zawadi za Muumba. Akili iliyomwongoza Nanna Svartz imo katika hesabu hiyo. Na akili ya mfamasia aliyeuliza swali moja la ziada imo pia.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna kumbukumbu yetu wenyewe juu ya jambo hili. Mwaka 2011 maelfu walipanga magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Sitaki kumhukumu mzee aliyekwisha kulala. Wengi walikwenda kwa machozi na kwa imani safi. Lakini wapo waliorudi wakaziacha dawa zao, wenye kisukari, wenye virusi, wenye shinikizo la damu, na familia zao zinajua kilichofuata. Ugonjwa unaolala na kuamka unadanganya kwa urahisi. Mgonjwa akipata nafuu kwa majuma mawili anaweza kuamini kwamba amepona, akaacha kidonge, na damu ikarudi ikiwa kali kuliko mwanzo. Nafuu ni jambo la kumshukuru Mungu. Kuacha dawa ni jambo la kumuuliza daktari.

Kwa hiyo, wapendwa, pokeeni mashauri machache ya kawaida. Dawa ikae kwenye pakiti yake hadi kidonge cha mwisho, mahali ambapo mtoto hafiki. Ukipewa kwenye kibahasha chenye "1x3" tu, omba jina la dawa liandikwe pia, na uulize ni ya nini. Si utovu wa adabu. Dawa iliyokudhuru zamani, itaje kila unapotibiwa, hata usipoulizwa. Usimeze dawa ya mwenzako kwa sababu maumivu yenu yanafanana. Mwenye kutumia salfasalazini asishtuke akiona mkojo umegeuka rangi ya chungwa, lakini asikose vipimo vya damu alivyopangiwa. Na mwenye kuharisha damu, au kwenda haja mara nyingi na kukonda kwa majuma mengi, asione aibu kurudi hospitali mara ya pili na ya tatu.

Tukumbuke tena yule mwanamke wa Luka 8, aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili na kumaliza mali yake kwa waganga. Alikuja kwa nyuma, kwa siri, akagusa pindo la vazi. Bwana alijua nguvu zimemtoka, lakini hakumtangaza yeye. Aliuliza, akasubiri, mpaka mwanamke mwenyewe akasema mbele ya watu habari yake yote. Kisha akamwita binti.

Kusubiri namna hiyo kunataka uvumilivu. Ni rahisi zaidi kufungua kopo la mtu kuliko kuketi naye uani hadi aseme. Mungu wetu ajaye kila nyumba yenye mgonjwa na watu wanaojua kuuliza kwa upole, na ampe kila mgonjwa ujasiri wa kulitaja jina la ugonjwa wake bila kuogopa kupoteza jina lake mwenyewe. Amina.